UZI: Wimbo wa kampeni ukishalipiwa, nani atauliza swali baada ya kura? Historia fupi kutoka Pwani

1/ Kila baada ya miaka mitano huu mjadala unarudi. Msanii kaonekana juu ya gari la kampeni, na jioni hiyo hiyo mtandao unawaka. Upande mmoja: "Wasanii wakae kando na siasa." Upande wa pili: "Kazi ni kazi, kwani wewe ungekataa hizo pesa?" Kabla hatujatukanana tena, hebu tuangalie historia. Kama kawaida ya nyuzi hizi, sitaji mwanasiasa wala chama. Wanamuziki nitawataja, manake kazi zao ziko wazi kwa kila mtu.

2/ Tuanzie nyumbani. Mwaka 1913, katika nchi ya Wagiriama, serikali ya Mwingereza ilitaka kodi ya nyumba na ilitaka vijana wakafanye kazi mashambani kwa wazungu. Mekatilili wa Menza hakuwa na redio wala spika. Alikuwa na kifudu, ngoma inayofungamana na mazishi. Alizunguka kijiji hadi kijiji, ngoma ikichezwa, watu wakikusanyika, halafu ndipo anasema. Watu wakala viapo Kaya Fungo. Oktoba mwaka huo huo akakamatwa, akapelekwa Kisii. Akatoroka, akarudi kwa miguu, na hadithi hiyo mpaka leo inasimuliwa Kilifi nzima.

3/ Kwa hivyo anayesema muziki na siasa ni vitu vilivyoanza kuchanganywa juzi na Gen Z, hapana. Huku kwetu ngoma imekusanya watu kwa siasa kwa zaidi ya miaka 100. Lakini tazama jambo moja: waliocheza kifudu walikuwa ni wale wale waliodaiwa kodi. Hakuna aliyekodiwa kutoka mbali kuja kucheza. Shikilia hilo, tutarudi kwalo.

4/ Sasa panda kaskazini kidogo, Lamu. Uchaguzi wa ubunge wa 1974, na kampeni zilizoendelea hadi 1975, ulizaa mashindano ya mashairi yanayojulikana kama Kimondo. Wagombea wawili, kila mmoja na washairi wake. Upande huu unatoa shairi, linaghanwa, linarekodiwa kwenye kaseti, linasambaa mitaani. Upande ule unasikiliza, unajibu. Ustadh Mahmoud Mau, mshairi wa Lamu anayeheshimika hadi leo, ni mmoja wa walioshiriki. Wasomi wameandika vitabu kuhusu mashairi hayo.

5/ Unaona utaratibu ulivyokuwa? Ni majibizano. Ukimsifu mtu wako, lazima ujue kesho kuna shairi la kukujibu, na ni la jirani yako anayekujua. Huwezi kumsifu mtu ati kajenga shule wakati shule haipo, manake jibu litakuumbua mtaa mzima. Sifa zilikuwepo, matusi ya kufumba yalikuwepo, na pengine vifuta jasho pia vilikuwepo. Lakini wimbo ulikuwa na jibu lake. Hiyo ndiyo mila ya mwambao, kuanzia Muyaka wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, mpaka kwa waimbaji wa taarab wa karne iliyopita.

6/ Wakati huo huo, kule juu serikalini muziki ulikuwa unachukua njia nyingine. Miaka ya 1980 Kenya ilikuwa na chama kimoja, na serikali ndiyo iliyokuwa mteja mkubwa wa kwaya. Walimu walitunga, wanafunzi waliimba, redio ya taifa ikacheza nyimbo za kizalendo karibu na taarifa ya habari. Mwaka 1988 ikaundwa tume ya kudumu ya muziki chini ya ofisi ya rais. Wazazi wetu wanazijua hizo nyimbo mpaka leo. Muulize mama yako aimbe moja, ataimba yote. Lakini muulize: kulikuwa na wimbo wa kujibu?

7/ Ulikuwepo, lakini haukupita redioni. Ulipita kwenye matatu. Mwaka 1990, joto la kudai vyama vingi lilipopanda, kulikuwa na kaseti za nyimbo za Kikikuyu zilizolalamikia mambo kama ubomoaji wa makazi ya Muoroto, Nairobi. Serikali ikazipiga marufuku. Ukifikiria, marufuku ile ni ungamo: serikali yenye jeshi, polisi na redio iliogopa kaseti inayochezwa na dereva.

8/ Tuje 2002, mwaka ambao kila mtu anautaja. Vijana wawili, Gidi Gidi Maji Maji, walitoa "Unbwogable". Neno lenyewe limejengwa juu ya Kijaluo, maana yake mtu asiyetishika. Ulikuwa wimbo wa wasanii wanaohangaika na maisha na kujipa moyo. Muungano wa upinzani ukauchukua, ukawa wimbo wa mikutano yote. Desemba 27 chama kilichotawala tangu uhuru kikaondoka. Wengi wenu mnamjua Gidi wa redioni asubuhi, anayepatanisha wachumba. Ndiye huyo huyo.

9/ Kwa nini "Unbwogable" ulifanya kazi hivyo? Kwa sababu watu waliuchukua wimbo kabla ya wanasiasa. Wimbo haukutungwa kuuza mtu. Mwanasiasa ndiye aliyeingia ndani ya hisia ambayo tayari ipo. Na tangu siku hiyo, ninavyoona mimi, kila meneja wa kampeni Kenya anatafuta "Unbwogable" yake. Tatizo ni kwamba hisia haipatikani kwa kuagiza, kwa hivyo wakaanza kuagiza nyimbo.

10/ Linganisha na "Nchi ya Kitu Kidogo" ya Eric Wainaina, ya mwaka 2001, kuhusu hongo. Haukumtaja mgombea. Matokeo yake? Serikali ya zamani iliuchukia, na serikali zilizofuata hazikupata nafasi ya kuupenda, manake hongo iliendelea. Wimbo usio na mgombea hauzeeki na mgombea. Huu ni mfano wa wimbo wa siasa ambao si wimbo wa kampeni, na watu wengi kwenye mjadala huu huvichanganya hivi vitu viwili.

11/ Wenzetu wa Tanzania walienda hatua nyingine. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, chama tawala kilikuwa na kundi lake la burudani, Tanzania One Theatre, TOT. Kwaya, ngoma, maigizo na taarab, na ndani yake mwimbaji mkubwa kama Khadija Kopa kutoka Zanzibar. Watu walikwenda kwa sababu taarab ilikuwa kali. Baadaye ikaja zamu ya Bongo Flava. Mwaka 2015 Diamond Platnumz aliugeuza wimbo wake "Number One" ukawa wa chama. Hapo muziki si mgeni wa kampeni tena. Ni idara ya kampeni.

12/ Kenya 2017: upande wa serikali ulikuwa na "Tano Tena" ya Ben Githae, jina lenyewe linaomba miaka mitano mingine. Upande wa upinzani uliichukua "Mambo Yabadilika" ya Helena Ken, wimbo wa injili. Kura zikaisha. Maisha yalipokuwa magumu, nani alibebeshwa lawama mitandaoni? Mwimbaji wa "Tano Tena". Watu walimrushia maneno kana kwamba yeye ndiye aliyesoma bajeti. Mwanasiasa ana walinzi na msemaji. Msanii ana ukurasa wake wa Facebook tu.

13/ Kenya 2022: "Sipangwingwi" ya Exray, Trio Mio na Ssaru, wimbo wa vijana wa mtaani, ukawa kaulimbiu ya upande mmoja. "Leo ni Leo" ya Emmanuel Musindi, wenye asili ya Kiluhya, ukawa wa upande wa pili. Na Agosti 6, siku tatu kabla ya kura, Diamond akaletwa uwanja wa Kasarani kutumbuiza mkutano wa mwisho. Msanii mkubwa sana, hilo halina ubishi. Lakini hakuwa na kura hapa, wala hakuwa na shamba, wala mtoto anayesubiri basari. Sasa kumbuka wale wachezaji wa kifudu wa 1913.

14/ Kwa nini wanasiasa wanalipia muziki? Si upumbavu, kuna hesabu. Kwanza, mkutano wa saa nane mgombea anafika saa kumi, lazima kuna mtu wa kuwashika watu jua kali. Pili, watu wanasahau manifesto lakini hawasahau kiitikio. Tatu, lugha: mgombea asiyejua Kigiriama anapata mtu wa kumsemea kwa Kigiriama, tena kwa mdundo. Nne, umati unapigwa picha. Watu 5,000 waliokuja kumuona msanii, kesho kwenye gazeti ni watu 5,000 wa mgombea.

15/ Na kwa nini wasanii wanakubali? Hapa ndipo wengi wanaotukana mtandaoni wanakosea. Mwanamuziki wa Malindi au Watamu anaishi kwa hoteli, harusi na matanga. Aprili mpaka Juni mvua inanyesha, wageni hakuna, hoteli nyingine zinafunga kabisa. Uchaguzi wetu ni Agosti. Mwaka 2022 kampeni rasmi zilianza Mei 29. Yaani pesa ya siasa inafika wakati ule ule ambao jikoni hakuna kitu. Ukimwambia msanii "kataa", mwambie pia Mei atakula nini.

16/ Halafu kuna daraja. Ukienda mkutano wowote mkubwa huku kwetu, Ganze, Magarini, Kaloleni, utakuta mambo ni yale yale. Kina mama wa mwanzele wameamka alfajiri, kayamba mkononi, leso sare, wamecheza tangu mgeni hajashuka kwenye chopa. Wao hupewa soda, leso na nauli, na nauli yenyewe wakati mwingine hupotelea kwa mratibu. Msanii wa redioni anapanda dakika ishirini na kuondoka na malipo ambayo hakuna anayeyataja. Tunapenda kusema "wasanii wamenunuliwa". Kina mama hawa hata bei hawakuulizwa.

17/ Sheria inasemaje? Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mtunzi haki ya kutambuliwa na haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa. Kuucheza wimbo hadharani pia kunahitaji leseni. Kwa hivyo mgombea akichukua wimbo wako, akabadilisha maneno, akaweka jina lake, bila wewe kukubali, si "amekupa umaarufu". Kakosea. Ndiyo maana kusajili wimbo KECOBO ni jambo la maana hata kwa kundi la kijijini: siku ya mzozo, karatasi inazungumza.

18/ Na pesa? Kenya ina sheria ya fedha za kampeni tangu 2013. Ilitakiwa iweke kikomo na mgombea aonyeshe alichotumia. Kanuni zake zilikwama bungeni, na tukapiga kura 2022 bila kikomo chochote kilichotekelezwa. Maana yake, ukiniuliza wanamuziki walilipwa shilingi ngapi mwaka ule, jibu halipo kwenye kumbukumbu yoyote ya umma. Mwananchi hawezi kujua kama wimbo anaousikia ni maoni ya msanii ama ni tangazo lililolipiwa.

19/ Kuna hatari nyingine, ya chuki. Mwaka 2012 wanamuziki watatu wanaoimba kwa Kikikuyu walijikuta mahakamani kwa madai ya uchochezi kupitia nyimbo. Aprili 2022 tume ya uwiano na utangamano, NCIC, ilitoa orodha ya maneno ya kuangaliwa na "sipangwingwi" likawemo, jambo lililozua ubishi mkubwa. Mpaka uko wapi? Angalia kesi ya Simon Bikindi, mwanamuziki wa Rwanda. Mahakama ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu miaka 15 mwaka 2008. Haikuwa kwa nyimbo zake, ilikuwa kwa maneno aliyoyatamka kwenye spika za gari barabarani mwaka 1994. Yaani msanii akishika maiki ya siasa kuhutubia, anahukumiwa kama mhutubu. Umaarufu wake si kinga, unazidisha uzito wa neno lake.

20/ Mtu atasema, basi msanii akisifu yuko salama. Si kweli. Franco wa Kongo alifungwa na serikali yake mwaka 1978 kwa sababu ya nyimbo, na mwaka 1984 huyo huyo akatoa wimbo wa kumpigia debe mgombea pekee wa urais. Mkono uliokufunga ndio unaokuagiza wimbo. Uganda mwaka 2015 kundi la wasanii wakubwa waliimba pamoja "Tubonga Nawe" kumuunga mkono aliyekuwa madarakani, na mashabiki wengi wakawageuka. Sifa nazo zina gharama, na anayelipa ni mwimbaji.

21/ Sasa niseme ninachofikiri. Swali "wasanii waingie siasa ama wasiingie" ni swali baya. Msanii ni raia, ana kura, ana mdomo, na katiba haikumbagua. Kulipwa pia si dhambi, fundi spika analipwa na hakuna anayemtukana. Tatizo langu ni moja: mkataba wa kampeni unanunua sifa na pamoja nayo unanunua kimya cha baadaye. Lamu ya 1974 ilikuwa na wimbo na jibu. Sisi sai tuna wimbo, halafu miaka mitano ya kimya, halafu wimbo mwingine.

22/ Huku kwetu tunagema mnazi, kwa hivyo methali hii hatuhitaji kufafanuliwa: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kiongozi aliyesifiwa na kila kayamba kuanzia Rabai hadi Magarini, na hakuna hata kayamba moja iliyomuuliza maji ya mfereji yako wapi, kwa nini asitie maji kwenye tembo? Sifa bila swali ndiyo inayoharibu kiongozi, hata aliyeanza vizuri.

23/ Hoja tatu mtakazosikia, na jibu fupi:

– "Msanii anadanganya watu." Msanii hawezi kumpigia mtu kura. Ukichagua kwa kiitikio, huo ni uamuzi wako.

– "Akilipwa ameuza jamii." Muulize kwanza kama mkataba unamzuia kuimba kinyume baadaye. Hapo ndipo penye kuuzwa.

– "Muziki ni burudani tu." Kama ungekuwa burudani tu, kaseti za 1990 zisingepigwa marufuku.

24/ Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Mazoezi ya nyimbo yataanza mapema, pengine yameshaanza. Kwa wasanii wa Kilifi, dada zangu na kaka zangu: andikeni mkataba, hata ukurasa mmoja. Uandike mikutano mingapi, pesa lini, wimbo utatumika mpaka siku gani. Na usitie sahihi mahali panapokuzuia kuimba unachotaka kura zikiisha. Kina mama wa mwanzele, dai lenu ni lile lile: malipo yatajwe kabla ya ngoma, na mpokeaji awe ni mwenyekiti wenu, si mratibu.

25/ Kwa sisi wapiga kura: ngoma ikilia, cheza. Mimi mwenyewe nitacheza, kayamba haikataliki. Lakini wimbo ukiisha, mgombea akishika maiki, mulize swali moja kuhusu kata yako na urekodi jibu kwenye simu. Simu ya leo ndiyo kaseti ya zamani. Mwaka 2029, halafu 2031, icheze tena sokoni, kwenye matanga, kwenye gumzo la kijiji, ili wimbo upate jibu lake.

Uzi umeishia hapa. Kama kuna mzee au mama kwenu anayekumbuka nyimbo za kampeni za zamani huku Pwani, za 1963, 1974, 1992, tafadhali mrekodi na aeleze ziliimbwa na nani na kwa nini. Weka hapo chini, bila kutukana mtu. Uzi ujao: kwa nini basari hugeuka kuwa zawadi ya mwanasiasa.